Mkono Upi Auongoze Kaseko?

Hapo zamani, katika nchi ya Bukirwa iliyozungukwa na ua wa miiba, alikuwako mlinzi wa lango aitwaye Kaseko. Alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye sauti nzito iliyowatisha watu mpaka walipomwona akicheka.

Watu wa Bukirwa hawakuzaliwa wachoyo. Ulipokuja ule ukame mkubwa, walimkaribisha kila aliyetoka nchi kavu ya Ngaya. Wakaja watu, wakaja na wengine, wakazidi kuja, mpaka kisima kikakauka. Watu wakakwangua tope. Wakapigania tope. Mzee Mihambo akamzika mwanawe wa pekee, aliyechomwa mkuki kwa ajili ya kata moja ya maji. Ndipo wakakubaliana sheria: kila baada ya mavuno, Mtemi, mtawala wao, atapokea nyumba moja tu, yaani jamaa moja, ipite langoni, ipewe shamba na zamu ya maji. Atakayeruka ua atarudishwa kwao. Na atakayemficha atanyang'anywa zamu yake.

Nje ya lango, katika kibanda cha matawi, aliishi Kalunde na binti yake mdogo. Walikuja na mumewe kungoja zamu. Mume akafa kwa homa, Kalunde akamzika palepale, akaendelea kungoja. Kila asubuhi Kaseko alimpelekea kibuyu cha maji kutoka katika fungu lake mwenyewe.

"Umeamkaje, dada Kalunde?"

"Nimeamka, kaka yangu. Na lango limeamkaje?"

"Limeamka limefungwa."

"Basi litachoka kufungwa kabla mimi sijachoka kungoja."

Wakacheka. Akishamsalimu wa nje, Kaseko huenda kumsalimu wa ndani, yaani mama yake, Bi Sikudhani, mjane aliyekaa peke yake karibu na ua. Miguu ilimsumbua, macho yalikuwa hayaoni vizuri, lakini kuhamia kwa mwanawe hakutaka. Alisema mkwewe hutia chumvi kama mtu anayekausha samaki.

Asubuhi moja Kaseko akamkuta mama ameketi kwenye kigoda, na mwanamke kijana asiyemjua anatwanga mtama uani.

"Mama, huyu ni nani?"

"Mgeni wangu. Anaitwa Nyamizi."

"Kapitia wapi?"

"Kapitia mlangoni kwangu. Ulitaka apitie dirishani?"

"Mama! Mimi ni mlinzi wa lango."

"Na mimi ni mama wa mlinzi wa lango. Kaa unywe uji."

Kaseko akakaa. Akamgeukia yule mwanamke, akamwuliza kwa sauti yake nzito, "Kwa nini hukungoja langoni kama wenzako?"

Nyamizi akauweka mchi chini. Lafudhi yake ilikuwa ya Ngaya. "Nilikuwa na mdogo wangu mgongoni. Tangu juzi alikuwa hajaonja maji. Nilipofika kwenye ua alikuwa bado anapumua, nikasema nikizunguka mpaka langoni sitamfikisha. Nikapenya miibani. Nilipotokea upande huu..."

"Tulimzika kule nyuma ya mihogo," alisema Bi Sikudhani. "Mimi na yeye. Sasa, mwanangu, mtoe. Mkono wako huo, lango lako lile."

Kaseko akanywa uji. Akasema moyoni: kesho nitakwenda kumwambia Mtemi. Kesho yake akamkuta Nyamizi anamkanda mama miguu, na mama anaimba. Akanywa uji, akasema: kesho. Kesho yake akamkuta mama anatembea bila fimbo, ameshika bega la Nyamizi. Akanywa uji, akasema: kesho. Na uji ukawa mtamu, na kesho haikufika.

Kiangazi kikapamba moto. Mchana mmoja, watu wakiwa mashambani, upepo ukachukua cheche jikoni kwa Bi Sikudhani, ukairusha kwenye paa la nyasi. Mama alikuwa amelala ndani. Kaseko akauona moshi kutoka langoni, akakimbia kwa nguvu zake zote, lakini kutoka langoni mpaka pale si karibu.

Nyamizi angeweza kukimbilia porini asionwe na mtu. Aliingia motoni. Akambeba bibi mgongoni, akamtoa, mikono na nywele zake mwenyewe zikiungua. Kisha akasimama katikati ya njia, mahali pa kuonekana na kila mtu, akapiga ukelele, "Moto! Moto, jamani! Njooni!" Watu wakaja mbio. Nyumba ya Bi Sikudhani ikateketea, lakini ghala la Mzee Mihambo, lililokuwa jirani, likapona.

Moto ulipozimwa, watu wakamtazama yule mwanamke aliyepiga ukelele kwa lafudhi ya Ngaya. Wakaelewa.

Mavuno yalikuwa yamekwisha, na zamu ya kupokewa nyumba ilikuwa imefika. Mtemi akaita baraza kuamua nani apokewe. Lango likafunguliwa, Kalunde, ambaye zamu ilikuwa yake, akaingizwa pamoja na binti yake.

Mzee Mihambo akasema kwanza. "Ghala langu limepona kwa sauti ya huyu binti. Nimemshukuru, na mafuta ya kupaka majeraha yake yametoka nyumbani kwangu. Lakini mwanangu yuko ardhini kwa sababu kisima kilizidiwa. Leo tukimpa zamu aliyeruka, kesho ua wote utakuwa lango. Hilo nalisema nikimpenda."

Bi Sikudhani akasema, "Aliyemficha ni mimi. Nimekunywa maji ya nchi hii tangu sijaota meno, na sasa meno yameng'oka. Nichukulieni zamu yangu, mpeni yeye."

"Zamu ya mvunja sheria hairithiwi na mtu," alisema Mtemi. "Hiyo hukipumzisha kisima."

Kalunde akasema, "Mimi nilikuwa nikiokota kuni mbali kando ya ua, nikamwona akipenya miibani. Nilimwona na mtoto mgongoni. Ningepiga kelele angeshikwa. Nilinyamaza, kwa kuwa nami ni mama. Lakini sikunyamaza ili achukue nafasi yangu. Nami ningeweza kupenya. Mume wangu alipokuwa anatetemeka kwa homa aliniambia, tusiruke, watu hawa wametuomba tungoje. Nikangoja. Mkinirudisha nje leo, nitamwambia nini binti yangu kuhusu neno la baba yake?"

Nyamizi akasema, na mikono yake ilikuwa imefungwa majani ya dawa, "Sikuja kunyang'anya cha mtu. Dada huyu alinihurumia, nami sijui nimlipe nini. Lakini mdogo wangu amelala huku. Mkinirudisha Ngaya, nani atampalilia kaburi lake? Na bibi huyu, nani atamkanda miguu?"

Watu wakalia. Hata Mzee Mihambo alijipangusa uso na pembe ya shuka.

Ndipo Kaseko akasimama. "Mtemi, mimi nilijua. Kila siku nilisema kesho."

Mtemi alimjua tangu utotoni, na alimpenda. "Kaseko, kwa mmoja ulilinda lango, kwa mwingine ukafumba macho. Yule ukampa maji, huyu ukampa ukimya. Hakuna anayewajua wote wawili kama wewe. Kisima kinaweza nyumba moja tu. Nenda, shika mkono mmoja, umlete kwangu. Adhabu yako na ya mama yako tutaisema baadaye."

Kaseko akaenda. Kulia kwake akasimama Kalunde, amemshika binti yake begani. Kushoto kwake akasimama Nyamizi, ambaye hakuthubutu kuinua uso. Kaseko akanyoosha mkono.

Nami hapo ndipo nawaachia ninyi mlioketi hapa, msimame pale aliposimama yeye. Mmoja alingoja akamzika mume, mmoja aliruka akamzika ndugu. Mmoja alishika sheria, mmoja aliokoa roho, wala hakuna aliyemchukia mwenzake. Je, nani alistahili kushikwa mkono?