Nyanya Nilizozihamishia Ndani

Mziba baridi huziba na pumzi. Asubuhi mmenisikia nikimwambia hivyo jirani anayemfungia binti yake ndani, mkacheka, na sasa mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia kwangu mimi, kwa hiyo asije mtu akawadanganya kwamba ni ya wahenga. Mhenga mwenyewe nilikaa naye nyumba moja.

Niliolewa huku Makete nikitoka Matema, kule ufukweni mwa ziwa kwenye joto, ambako nyanya huota zenyewe hata jalalani. Huku Juni ikifika umande unaganda, shamba linaamka jeupe, na mche wa nyanya unakuwa mweusi kama uliomwagiwa maji ya moto. Miaka miwili mfululizo jalidi ilinimalizia miche yote. Mwaka wa tatu nikasema liwalo na liwe, nikapanda miche kumi na miwili, ile mifupi, kwenye makopo ya rangi, nikaipanga chumbani chini ya dirisha la kioo.

Mama mkwe wangu, Yelusia, alichungulia akaguna. "Wenzako wanalea watoto, wewe unalea nyanya!"

Mtoto nilikuwa naye pia, Tumaini, wa miezi saba. Alilala chumba hichohicho. Basi nikawa na hofu mbili, ya mtoto na ya miche, na hofu hizo hazikunipa raha. Kila saa nashika majani, nashika miguu ya mtoto. Vyote baridi.

Julai ukungu ukashuka, ukakaa siku tatu bila jua. Majani yakaanza kujikunja. Nikachukua matambara nikaziba nyufa za dirisha, nikaziba chini ya mlango wa nje, kisha nikaingiza jiko la mkaa uliokolea. Chumba kikapata joto zuri, nikajisifu kwamba nina akili.

Baada ya muda kichwa kikaanza kuniuma. Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri baridi bado inaingia. Nikatafuta upenyo uliobaki, nikauziba nao. Mjinga mimi!

Mkaa ukapungua, nikatoka kupitia mlango wa jikoni kwenda kuongeza. Uani miguu ikalegea, nikakaa chini kwa nguvu. Mama mkwe alikuwa anachambua viazi. Akainua macho.

"Mkamwana, una nini?"

"Baridi tu, mama. Kichwa."

"Na mtoto?"

"Amelala. Leo ametulia, hata hajalia."

"Hajalia tangu saa ngapi?"

Wanangu, swali lile lilinikata maini. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Yeye akatupa kisu, akakimbilia mlango wa nje, uliokuwa karibu naye kuliko wa jikoni, akausukuma. Matambara yangu yalikuwa yameukaza, haukufunguka. Akashika jembe akavunja kioo, akapanda dirishani na umri wake ule, akiangusha makopo yangu yote. Nikasikia yakigonga sakafu, na sikujali hata moja.

Alitokea na Tumaini mikononi. Kichwa cha mtoto kilining'inia. Akamlaza juu ya magunia, kwenye ule ukungu, akamvua blanketi, akamsugua kifua na miguu huku akimwita jina. Nilitambaa hadi pale. Mtoto alikuwa kimya. Niliogopa kiasi kwamba sikuweza kulia wala kuomba Mungu.

"Mfunike, mama," nikasema. "Atakufa kwa baridi."

Akanisukuma mkono. "Muache apigwe na baridi!"

Kwanza mtoto alitapika. Halafu baridi ikamchoma, akapiga kelele, na kila aliponyamaza kidogo mama mkwe alimfinya alie tena. Tulikaa uani hadi jioni tukimsikiliza akilia, na sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile.

Nikajaribu kujitetea. "Mama, nilikuwa naizuia baridi tu."

Akamkumbatia mjukuu wake, akaniangalia bila hasira, akasema: "Mziba baridi huziba na pumzi."