Sanda ya Bi Mize

Hapo zamani, siku ambazo watu wa Pemba walikwenda Makka kwa meli ya moshi na kurudi wamekonda, alikuwako mzee wa Micheweni akiitwa Faki. Mzee Faki alikuwa na wake wawili. Mkubwa ni Bi Mize, ambaye macho yake yalishaingia ukungu, akiona vivuli tu. Mdogo ni Bi Time, ambaye macho yake yaliona kila kitu, hata yasiyomhusu. Wake hawa waligombana asubuhi kwa ajili ya kinu, wakagombana jioni kwa ajili ya mchi.

Mwaka huo wote watatu wakaenda kuhiji. Walipovaa ihramu, Mzee Faki akawakumbusha.

"Wake zangu, sikilizeni. Mtu akishatia nia hakati kucha, hajipaki manukato, wala hagombani."

Bi Time akauliza, "Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Hata mtu akikanyaga mkeka wangu?"

"Hata akikukanyaga wewe."

Bi Mize akacheka. "Basi, bwana, umepata mapumziko."

Bi Mize alikuja na kitu kimoja cha thamani, nacho ni sanda yake, bafta nyeupe aliyoitunza miaka mingi. Kwa maana ilikuwa desturi, mwenye kwenda hija huiloweka sanda yake katika maji ya Zamzam, akaianika, akarudi nayo nyumbani kungoja siku yake. Walipokwisha kuizunguka Kaaba, Bi Mize akailoweka. Bi Time akashika ncha moja, Bi Mize akashika ya pili, wakaikamua.

"Kaza, mwenzangu."

"Nimekaza, mwenzangu."

Watu hawa walikuwa hawajawahi kushika kitu kimoja pamoja bila ya kunyang'anyana.

Kisha wakapanda Safa. Mnajua habari ya Mama Hajari. Aliachwa jangwani na mtoto mchanga, maji yamekwisha, mtoto analia. Mama akakimbia kutoka kilima cha Safa mpaka cha Marwa, akarudi, akaenda, mara saba, akitafuta wa kumsaidia. Mpaka leo mahujaji huifuata njia yake ile ile. Mimi nina mtoto mchanga, na kila nikiitaja habari hii humpakata upya.

Bi Mize aliposikia kishindo cha umati, akaingiwa na hofu.

"Nimengoja umri mzima kufika hapa," akasema. "Nikipotea, sitamaliza. Atakayenitimizia safari hizi saba, sanda hii ni yake."

Bi Time akasema, "Na wewe utazikwa na nini?"

"Na yoyote ya dukani. Nikishakufa nitaitazama?"

Mzee Faki akamwambia, "Shika shuka yangu, usiiachie."

Akaishika. Safari ya kwanza wakaimaliza salama. Lakini walipofika Marwa, sauti ikaita, "Faki! Faki wa Micheweni!" Kumbe ni rafiki yake wa Wete, hawajaonana tangu ujana. Mzee Faki akageuka kwa furaha. "Yakhe! Karafuu mwaka huu zimezaa?" Na katika kugeuka kule, shuka ikamponyoka Bi Mize.

Akapapasa. Akashika shuka. Akaivuta. "Twende, bwana, unazubaa nini?"

Aliyeshikwa ni Bilali, mtu wa Ujiji, mrefu, mwenye haya. Alikuwa amekwisha kumaliza saba zake, anakwenda kwa kinyozi akate nywele, atoke ihramuni. Na mnajua nguo za mahujaji wanaume ni shuka mbili tu, hazina mshono, hazina kifungo. Angejivuta, angebaki uchi mbele ya Waislamu wa dunia nzima. Bilali akalidaka fundo kiunoni, akamtazama aliyemshika. Akaona ni bibi, macho yana ukungu. Akasema moyoni, "Nikimwambia amepotea, atalia." Akageuka, akaanza upya kwa hatua za bibi.

Njiani Bi Mize akasema, "Leo huna maneno. Makka imekufaa."

"Mm," akajibu Bilali.

"Ule mwaka ulipomletea mwenzangu kanga doti mbili, mimi moja, unaukumbuka?"

"Mm."

"Unajuta?"

"Mm."

"Sema!"

"Najuta."

"Sauti imekukauka. Tukimaliza utakunywa maji."

Bi Time alikuwa nyuma yao. Ameona kila kitu. Akauma ncha ya mtandio wake asicheke, akacheka. Lakini kila umati uliposukuma, aliutanua mgongo wake ukamkinga Bi Mize. Akapigwa viwiko, akakanyagwa, hakusema neno. Na Bi Mize alipochoka kuibeba sanda, Bilali akaichukua begani, ikimchuruzikia maji mgongoni.

Mzee Faki naye? Mzee Faki alikuwa mbio. Safa, Marwa. Marwa, Safa. Kandambili zimemkatika, nyayo zinatoka damu.

"Mmemwona mke wangu?"

"Kavaa nini?"

"Nyeupe."

"Baba, tazama ulipo."

Akalia, akakimbia. Alimpita Bi Mize mara tatu asimwone, kwa sababu alitafuta mwanamke aliye peke yake, na huyu alikuwa na mume.

Safari ya saba ikaishia Marwa. Bi Mize akaketi kwenye jiwe, akashusha pumzi, akasema, "Alhamdulillahi. Bwana, sanda ni yako."

Bilali akakohoa. "Mama, mimi si bwana wako."

"Ala! Basi niliyemsema njia nzima ni nani?"

"Bilali wa Ujiji, mama. Na yote nimeyatubia."

Hapo Mzee Faki akafika, anahema. Alipomwona mkewe akapiga magoti. Aliposikia sanda inakwenda kwa mgeni, akasimama.

Sasa sikilizeni mabishano ya watu wasioruhusiwa kugombana, maana nywele zao zilikuwa hazijakatwa na ihramu bado iko mwilini.

Mzee Faki akasema kwa upole, meno yamekazana, "Ndugu yangu mpenzi, wewe ulitembea. Mimi nilikimbia. Mama Hajari alitembea kwa starehe? Alikimbia, analia, anamtafuta ampendaye. Basi aliyefanya kama yeye ni mimi. Safari ya kwanza pia niliianza mimi. Na kwa umri wangu, sanda naihitaji kabla yenu."

Bi Time akasema, "Mume wangu, nuru yangu, uliyemwachia mkono kwa habari za karafuu ni wewe. Mimi nilimkinga njia nzima. Nilijua aliyemshika siye, nikafunga mdomo, kwa kuwa ningesema angeniita mwongo, tukagombana, hija ikaharibika. Ninyi mmechoka miguu. Mimi nimechoka ulimi, na ulimi wangu mnaujua."

"Na uliponiona napita nalia?"

"Nilikuona, kipenzi. Nikasema, mwache aonje."

Bi Mize akamgeukia Bilali. "Nawe, mwanangu?"

"Mimi sidai kitu, mama."

"Sema. Umeniongoza, huwezi kukosa la kusema."

Bilali akainamisha kichwa. "Mama yangu yuko Ujiji, hawezi kusimama. Alitamani Makka kuliko chakula. Nilipoihisi sanda ile ya Zamzam begani, nikasema, laiti ingekuwa yake. Lakini mimi nilikudanganya. Nilijibu kwa jina la mtu mwingine. Sijui kama mwongo analipwa."

Bi Time akaufuta uso kwa mtandio, akasema ni jasho.

Bi Mize akaipokea sanda kwa Bilali, akaipapasa mapajani. Haiwezi kukatwa mapande matatu, kwa kuwa sanda fupi haimstiri mtu. Akasema, "Time, chukua mkasi tuliokuja nao, lakini usinikate nywele bado. Nikishatoka ihramuni mtagombana kweli kweli. Nataka kuamua mkiwa bado na adabu."

Bi Time akashika mkasi. Bilali akalishika fundo la shuka. Mzee Faki akazishika nyayo zake. Bi Mize akaikunja sanda, akainyanyua kwa mikono miwili, akainyoosha mbele yake, mbele ya vivuli vitatu vyeupe.

Ninyi mliokaa hapa, semeni, lakini semeni kwa upole. Aliyekimbia akilia, aliyefunga ulimi akamkinga, au mgeni aliyekubali kuwa mume wa mtu kwa safari sita? Je, kwa haki, nani alistahili sanda ile?