Waifai ya Liwali Nasoro na Kibanda cha Mshona Makubadhi

Hapo zamani, zamani isiyozidi umri wa mbuzi mzee, palikuwa na Liwali katika mji wa Mwambasi, jina lake Nasoro bin Khalfani bin Sudi, mwenye nyumba ya mawe ya ghorofa nne na kuta nene kadiri ya dhiraa mbili. Basi waifai ilipoingia mjini, Liwali akanunua kisanduku chake, naye hakukiweka katikati ya nyumba kama alivyoshauriwa na fundi, bali dirishani, juu ya baraza, ili wapitao njiani wazione taa zake za kijani. Wala hakukitia neno la siri, maana alisema muungwana hamnyimi mgeni. Ikawa wageni wa barazani wanakunywa kahawa, wanatazama simu zao na kumsifu. Ila Liwali mwenyewe, akipanda chumbani kwake ghorofa ya tatu, hapati kitu.

Ng'ambo ya njia palikuwa na kibanda cha Darusi bin Mwinyikai, mshona makubadhi, viatu vya ngozi, asiyekuwa na mali ila sindano zake, mama yake Mwana Tatu na mbuzi wawili.

Asubuhi moja Liwali alikuwa chumbani akingoja picha ya mjukuu wake ifunguke, nayo haifunguki. Akasikia kicheko njiani. Akashuka ngazi zote akihema, akamkuta Mwana Tatu mlangoni pa kibanda anazungumza na bintiye aliyeko Maskati, uso kwa uso, kwenye simu.

"Ewe Darusi! Hiyo waifai ni ya nani?"

"Ni yako, Bwana. Imekuja yenyewe, hatukuiita."

"Basi popote inapofika waifai yangu ni nyumba yangu. Kibanda hiki ni changu, nitalaza gari langu humu. Kesho adhuhuri uwe umehama!"

Mwana Tatu akashika kichwa. Darusi akatazama mlango alioutengeneza marehemu baba yake, akauliza kwa upole, "Na isipofika, Bwana?"

Wageni wote wa barazani walikuwa wakisikiliza, na Liwali hakupenda kuonekana mwenye choyo. Akasema, "Isipofika si pangu! Mimi si mtu wa kutamani vya watu."

"Maashallah!" wakasema wageni.

Kadhi, Sheikh Muhidini bin Abudu, aliyekuwa na kikombe cha tatu mkononi, akaamriwa ayaandike maneno yale yote mawili na kuyapiga muhuri. Darusi akaomba nakala, akapewa.

"Mwanangu, tutakwenda wapi?" akauliza Mwana Tatu.

"Juu, mama. Funga mkeka."

Kesho yake asubuhi Liwali alikuwa barazani na wageni wake, akasikia mbuzi analia juu ya kichwa chake. Akapanda mbio, na Kadhi nyuma yake, akamkuta Mwana Tatu amekaa kitandani pake, na Darusi anashona kubadhi dirishani.

"Nani aliyekufungulia?"

"Bawabu wako, Bwana. Hajui kusoma, lakini muhuri anaujua."

"Toka nyumbani kwangu!"

"Kwako ni chini, Bwana. Na ng'ambo ya njia. Sheikh, hebu fungua simu yako."

Kadhi akafungua simu, akaisogeza kila pembe, akainama nayo hata chini ya kitanda. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, wala hakikuleta neno.

"Sheikh," akasema Liwali kwa sauti ndogo, "huoni njia?"

"Naiona, Bwana. Ni ya ngazi, na inashuka."

Wageni waliokuwa wamefuata wakaziba midomo kwa vilemba. Liwali akatazama muhuri, akamtazama mbuzi aliyekuwa akitafuna chandarua chake, na kicheko kikamtoka bila ya kutaka. Akaichana karatasi yake, na Darusi akaichana ya kwake, kibanda kikarudi kwa mwenyewe.

Kisha Darusi akashuka, akakitoa kile kisanduku dirishani, akakipandisha hadi kati ya ngazi, mahali pasipoonwa na mpita njia, palipo wazi kwa ghorofa zote nne. Mara hiyo simu ya Liwali ikalia, picha ya mjukuu ikafunguka. Nao wageni wa barazani wakatazama simu zao, wakazitikisa, wakakumbuka kazi zao, wakaondoka mmoja mmoja.

"Sema ujira wako," akasema Liwali. "Nikuwekee kisanduku kingine, kielekee kibandani kwako?"

"La, Bwana. Nipe ngozi moja ya ng'ombe na doti ya kanga ya mama. Waifai yako ikinijia tena, nitafunga dirisha."

Akapewa ngozi mbili. Ikawa tangu siku hiyo, Mwana Tatu akitaka kumwona bintiye wa Maskati, huvuka njia, hupanda ngazi za Liwali hadi ghorofa ya tatu na kukaa kitandani, na Liwali, akimkuta pale, hubisha hodi.