Kindi Alipoomba Ruhusa kwa Bi Fisi

— Ngano iko mlangoni!
— Ifungulieni!
— Imekuja na ukweli?
— Na uongo wake!
— Basi kaeni. Na mwenye kukohoa akohoe sasa hivi, maana nikianza sisimami.

Hapo kale palikuwa na Bi Fisi. Meno alikuwa nayo, nguvu alikuwa nazo, na mtoto mmoja alikuwa naye, anaitwa Kitonge. Alichokosa ni subira ya kumlea. Akamwajiri Kindi awe yaya. Msiniulize kindi anambebaje mtoto wa fisi. Hii ni ngano, si mzani.

Ujira ulikuwa kikapu cha karanga kila mwezi unapoandama. Kindi akalea. Kitonge akilia, nge! nge! nge!, Kindi anamtekenya sikio kwa ncha ya mkia, tiri-tiri-tiri, mtoto hooo, kalala. Akazoea hivyo. Bila ule mkia, halali.

Mwezi ulipokaribia kuandama, Kindi akaletewa habari: mdogo wake Mwanamize anaolewa. Na kwa kina kindi, kashata za arusi ni juu ya dada mkubwa. Zikikosekana, bibi arusi atachekwa mpaka apate wajukuu. Kindi akaenda kwa tajiri wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umevunja nini?"

"Sijavunja kitu. Naomba ruhusa siku mbili tatu nikamwoze mdogo wangu. Na kikapu changu unipe, nikapike kashata."

Bi Fisi akacheka, kwi-kwi-kwi. Fisi hucheka hata msibani. "Ruhusa chukua. Kikapu acha."

"Mama, mwezi karibu wote nimelea! Kata za siku nitakazokosa, zilizobaki nipe."

"Mwezi ni kama chungu, yaya. Kikitoboka padogo, maji yote yamekwenda. Karanga hizo sasa ni zangu."

"Zako kabisa?"

"Zangu kabisa!"

"Watu wakiniuliza, niwaambie hivyo?"

"Watangazie!"

"Haya, mama. Kwaheri." Kindi akambusu Kitonge, akaondoka zake, churu-churu-churu, wala hakununa. Mtu ukimdhulumu asinune, mwogope.

Bi Fisi akakivuta kikapu. Akatia mkono. Nge! Akautoa, akambembeleza mtoto. Akatia mkono tena. Nge! nge! Akamtekenya sikio kwa ufagio. Nge! Akamtekenya kwa mkia wake mwenyewe, na mkia wa fisi mnaujua, kama brashi ya viatu iliyokwisha. Nge! nge! nge! Akaokota unyoya wa kuku amtekenye nao, lakini ulikuwa na harufu ya kuku, akaula.

Kulipopambazuka hajala karanga hata moja, macho mekundu kama pilipili.

"Namfuata huko huko arusini!" akasema. Mtoto mgongoni. Na kikapu? Bi Fisi hakuwahi kuacha chakula nyumbani. Akienda kisimani anakibeba. Akienda kuoga anakibeba. Kindi amekaa naye nyumba moja, atakosaje kulijua hilo? Bi Fisi akajitwika kikapu, chopi, chopi, chopi, huyo.

Arusini, mpokea zawadi alikuwa Shangazi Kobe, ameketi mkekani pale mlangoni. Huko anayeingia na mzigo kichwani amekuja kumtunza bibi arusi: anatuliwa, na jina lake linatangazwa. Na Kindi alikwisha kumnong'oneza: "Shangazi, atakuja mgeni mnene na kikapu. Mwahi kabla hajafumbua mdomo."

"Jamaniii!" Kobe akapaza sauti. "Bi Fisi kaja kututunza! Karanga, kikapu kizima!"

Lililililiii! Vigelegele. Ngoma, ndu! ndu! ndu! Vijana wakamtua, kikapu kikapita mkono kwa mkono mpaka jikoni, na huko kinu kikaitika, twa! twa! twa! Bi Fisi akavishwa kanga mpya, akakalishwa kiti cha mbele. Maisha yake yote watu walimpigia mawe. Vigelegele hakuwahi kupigiwa. Akatabasamu kabla hajajizuia.

Kisha akakumbuka. Akamvuta Kindi pembeni.

"We yaya! Kile kikapu..."

"Si ulisema ni chako, mama?"

"Changu!"

"Ndiyo maana wametaja jina lako, langu hawakulitaja. Kama unakitaka, simama uwaambie. Nikunyamazishie ngoma?"

Bi Fisi akawatazama watu. Watu wakampigia makofi. Akamfungua Kitonge mgongoni.

"Basi mshike mtoto, nilale kidogo."

Kindi akamtekenya Kitonge, tiri-tiri-tiri. Hooo. Kisha akausogeza mkia kando kidogo tu. "Mama, mimi niko ruhusa. Nisipolea, ujira sina. Je, nikilea?"

Kitonge akafumbua jicho moja. Nge!

"Utalipwa!"

"Kikapu?"

Nge! nge!

"Kizima!"

"Na siku za ruhusa hutazikata?"

Nge! nge! nge!

"Sizikati! Rudisha mkia, mwanaharamu we!"

Tiri-tiri-tiri. Hooo.

Kashata zikaletwa, tamu, za moto. Mwanamize hakuchekwa na mtu. Bi Fisi akala sahani nzima huku machozi yanamtiririka, na Shangazi Kobe akawaambia wageni: "Mwoneni alivyo na moyo! Analia kwa furaha ya arusi ya watu."

Ngano hii inatufundisha hivi: yaya akiomba ruhusa, usimlipe hata punje. Kaza mkono, mama, kaza kabisa. Sisi wengine tuna mabinti wa kuoza, na karanga mwaka huu hazishikiki.

— Ngano imetoka?
— Imetoka!
— Fungeni mlango. Palipokuwa patamu nilisema mimi; palipokuwa pachungu mlisikia vibaya nyinyi.