Gauni la Shangazi wa Bibi Harusi

Akina mama wa sare, leo mfano ni wenu. Akina baba, msisinzie, zamu yenu inakuja!

Alikuwepo mama mmoja mnene, mnene hasa, na mcheshi. Alijicheka mwenyewe kabla hajachekwa. Akifika sherehe hutafuta benchi kwanza, maana siku moja kiti cha plastiki kilimvunjikia, na watu, si mnawajua watu, walicheka mpaka wakafuta machozi. Tangu hapo hakucheza tena harusini. Alipiga vigelegele akiwa pembeni.

Msinielewe vibaya. Unene si dhambi. Hata mimi mchungaji wenu shati halifungi shingoni! Lakini mama huyu magoti na presha vilimwelemea, akafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, Mungu akamvusha. Mwaka ukapita. Magoti yakatulia, na wali vijiko vichache tu, ameshiba.

Mwili umepona. Je, yeye? Mlangoni bado anapita kiubavu. Benchi bado analitafuta. Akijiona kwenye kioo anashtuka, anauliza moyoni, huyu mgeni ni nani?

Basi mtoto wa kaka yake, binti aliyemlea mwenyewe, akapata mchumba. Akamwambia, "Shangazi, wewe ndiye utakayeniingiza ukumbini ukicheza. Usipocheza, siingii."

"Nitacheza, mwanangu," akajibu.

Kitambaa cha sare kikanunuliwa. Fundi, jirani yake, akashika tepu. "Njoo nikupime, shoga." Wee! Mama akarudi nyuma. Zamani fundi mwingine alimuungia tepu mbili, akamtangaza mtaa mzima.

"Usinipime. Chukua gauni langu la zamani, kata kama hilo hilo."

"Lakini umepungua, jamani!"

"Na unene ukirudi je? Wewe kata!"

Fundi akakata. Kitambaa kikaisha, na dukani nako kimekwisha. Aliyekosa sare ni wifi yake. Maskini wifi akasema, "Haidhuru, nitakaa na wapishi."

Asubuhi ya harusi mama akavaa gauni. Loo! Mabega yakaanguka, mikono ikapotea ndani. Akaketi kitandani akalia kwa uchungu. "Nendeni. Mimi siendi popote."

Bibi harusi, na shela lake kichwani, akakaa sakafuni miguuni pake. "Basi hatuendi wote."

Fundi akaitwa, akaja mbio na mkasi wake. "Shoga, siku ile ulinipa hofu yako niishone, nikaishona. Leo nipe mwili wako. Simama!"

Mama akafumba macho, akasimama. Tepu ikamzunguka kiuno, kipande kirefu kikabaki kinaning'inia. Fundi hakutangaza. Alimnong'oneza kipimo sikioni.

"Ndiyo mimi huyo?"

"Ndiyo wewe."

Mama akaanza kucheka. Safari hii hakuwa anajicheka. Alicheka kwa raha, machozi yangali mashavuni. Mkasi ukapita. Fundi akatandaza kitandani kitambaa kilichobaki, akakitazama. "Jamani, hapa kuna gauni zima la mtu mwingine."

Wote wakageuka. Mlangoni amesimama wifi, amevaa aproni.

Harusi ilichelewa. Kwani ipi kati ya harusi zetu haichelewi? Lakini ukumbi mzima ulisimama: bibi harusi katikati, shangazi kulia, wifi kushoto, sare moja, wanacheza mpaka meza kuu! Alipochoka, shangazi alijibwaga kwenye kiti cha plastiki bila kukikagua. Kiti kikanyamaza kimya.

Sasa sisi. Wewe Mungu alikutoa kwenye pombe, mbona ukiitwa kwaya unasema, "Mnanijua mimi"? Wewe uliachwa ukalia, leo umependwa, mbona unamsubiri huyu naye akuache? Tumeponywa, lakini tunakata nguo kwa gauni la zamani, tunasema tusije tukarudi kule. Ni woga, ndugu zangu, na tunauita unyenyekevu.

Na woga huo haukuumizi peke yako. Ile nafasi usiyoijaza, kile kitambaa ulichokirundika mwilini bure, ni gauni la mtu. Simama upimwe upya. Halafu geuka utazame mlangoni. Nani wako amevaa aproni leo, na alitakiwa awe anacheza?