Zamu Aliyoipisha Siwema

"Mtu akikupa zamu yake kwa wema, kisha wema huo ukataka kumuua, utaanza kwa kumshukuru au kwa kumwomba radhi? Mimi jibu sijalipata hadi leo," alisema Bi Mgeni, mwandikishaji wa wagonjwa wa meno katika kituo cha afya cha Kipokwe.

Alikuwa akiwajibu Nasra na Rehani, wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakingoja kwenye benchi. Muda mfupi uliopita, mwanamume mmoja alitaka kurudisha kadi yake na kwenda zake, kwa kuwa jino halikumsumbua tena. Bi Mgeni alimwambia, "Kunyamaza kwa jino si kupona," naye akaketi bila ubishi. Vijana wakataka kujua maneno yenye nguvu hiyo yalitoka wapi.

"Methali hii, wanangu, ilianzia juu ya mkeka," akasema.

Zamani, Kipokwe haikuwa na daktari wake wa meno. Daktari Mbilinyi alikuja kwa gari kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, akatibu watu kumi na wawili, basi. Kila mmoja alikuwa na kadi yenye namba. Aliyekosa kadi alirudi nyumbani na shavu lake mkononi.

Wanawake wa hapa walikuwa wasukaji wa mikeka ya ukindu, nao walijivunia desturi moja: kupisha. Kisimani, mwenye maji ya kumtosha alimpisha mwenye mtoto mgonjwa. Kwenye mashine ya kusaga, mwenye akiba ya unga alimpisha aliyeshinda na njaa. Mwanamke asiyepisha alisemwa, na maneno yakamfuata hadi kwenye ngoma za harusi.

Siwema alikuwa hodari wa kusuka, na hodari zaidi wa kupisha. Gego lake lilimtesa mwezi mzima, hata Daktari Mbilinyi akalitoboa, akalisafisha, akaweka dawa na kulifunika kwa kizibo cha muda. Akampa kadi ya pili, akamwambia, "Urudi safari yangu ijayo, hata kama haliumi."

Maumivu yakakatika. Alhamisi ilipokaribia, wifi yake Somoe, mke wa kaka yake, ndiye aliyekuwa akihangaika kwa jino. Siwema akaichomoa kadi chini ya mkeka.

"Chukua, wifi. Langu limenyamaza, utadhani halikuota kinywani mwangu."

"Na daktari akiuliza?"

"Aulize nini? Mganga gani huyo anayemwita mtu asiyeumwa? Nenda bwana, masikio yetu nayo yapumzike na vilio vyako!"

Somoe akaipokea kwa mikono miwili.

Alhamisi asubuhi alipita kibarazani kwa Siwema kuaga. Wanawake walikuwa wamekwisha kukusanyika na kili zao za kushonea mikeka, wakicheka. Shingo ya Siwema ilikuwa imejaa chini ya kidevu.

"Mwenzetu kanenepa shingo!" mmoja alisema. "Shemeji anakulisha nini, nasi tukapike?"

Siwema alitabasamu kwa midomo tu, akainua kopo na kutema mate. Bakuli lake la uji lilikuwa limepoa, halijaguswa. Somoe aliliona kopo, akauona na uji. Aliona, akapita, kwa kuwa jino lake mwenyewe lilikuwa likimpigia kelele.

Zamu ilipofika, aliketi kwenye kiti cha daktari na kufumbua kinywa. Daktari Mbilinyi akaingiza kioo chake kidogo, akatazama upande wa kushoto, kisha wa kulia. Akakitoa. Akaisoma kadi upya.

"Siwema, jino nililolitoboa liko wapi?"

"Mimi siye Siwema, daktari. Mimi wifi yake. Amenipisha."

"Amekupisha?"

"Ndiyo. Yeye hajambo kabisa, haumwi hata kidogo. Ila shingo tu imemvimba. Tunamtania kuwa amenenepa."

Alicheka kidogo, akimngoja daktari naye acheke. Daktari alikuwa amekwisha kuvua glavu.

"Imevimba chini ya kidevu? Anameza mate?"

Somoe akaacha kucheka. Aliliona tena lile kopo.

"Anayatema," alisema polepole. "Na uji hakunywa."

"Kile kiini kinachosikia maumivu nilikitoa, mama. Nililinyamazisha jino, sikuliponya. Mizizi bado sijaiziba, na usaha wake ukishuka shingoni huziba pumzi. Inuka, unionyeshe nyumba."

Wagonjwa waliokuwa nje walishangaa kumwona daktari akikimbia. Somoe alikaa mbele ya gari, akiwa bado na kadi mkononi, na njia nzima hakusikia kama jino lake linauma.

Walimkuta Siwema palepale kibarazani, ukili mapajani, ameketi wima kwa sababu akilala hapati pumzi. Alipojaribu kusema "Karibuni", sauti ilitoka kama ya mtu aliyebugia kiazi cha moto. Ulimi ulikuwa umeinuliwa na uvimbe hadi karibu na kaakaa. Midomo ilianza kubadilika rangi. Wale waliocheka asubuhi walitupa kili zao. Walimbeba na mkeka wake, wakampakia garini.

Katika hospitali ya wilaya walimpasua chini ya kidevu, usaha ukajaa bakuli. Daktari wa zamu alisema wangechelewa saa moja tu, angepokea maiti. Somoe, aliyekuwa amesimama ukutani, aliitazama kadi iliyokuwa bado mkononi mwake. Saa moja! Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo zaidi ya saa mbili, akilinda zamu ile.

Siwema aliponea chupuchupu. Alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, na kovu la urefu wa kidole chini ya kidevu. Somoe alipomwangukia miguuni alimwinua na kusema, "Usilie, wifi. Kadi nilikupa mimi."

Baadaye daktari alilitoboa jino la Somoe pia. Likanyamaza. Naye akapewa kadi ya kurudi Alhamisi ya safari ijayo.

Siku moja kabla ya Alhamisi hiyo, Mwajabu, msukaji mwenzao, alifika kibarazani ameshika shavu, machozi yakimtoka. Hakuomba kitu. Lakini mikono iliacha kusuka na macho yote yakamgeukia Somoe, kama yalivyomgeukia kila mwanamke wa Kipokwe aliyekuwa na zamu.

Uso ulimwaka Somoe. Alijua atakavyosemwa. Akamtazama Siwema, Siwema akainua kidevu, kovu likaonekana na kila mtu.

Somoe akasimama.

"Mwajabu, kesho tutakwenda pamoja, nami nitamwomba daktari akutazame hata kama namba zimejaa. Zamu yangu ya kisimani chukua. Ya mashine chukua. Hii ya kesho simpi mtu, na mwenye kunisema aniseme. Jino langu haliumi, na ndiyo maana narudi. Kunyamaza kwa jino si kupona."