Karatasi ya Thelathini na Mbili

Usiku simu ililia mara moja tu, ikanyamaza.

Mwalimu Naetwe hakuinyanyua. Hakuhitaji hata kuangalia namba. Kila mwaka, usiku wa tarehe ambayo mama yake alizikwa, simu hiyo hulia mara moja, kama mtu anayebisha hodi huku miguu ameshaigeuza kuondoka. Aliyepiga alikuwa mdogo wake. Naetwe alilijua jina lake kuliko jina lolote duniani, maana ndiye aliyembeba mgongoni akiwa mchanga. Lakini miaka sita ilikuwa imetimia hajalitamka.

Mdogo wake ndiye aliyempakia mama kwenye pikipiki siku ile, mama akilia kwa maumivu ya tumbo na zahanati iko mbali bondeni. Naetwe alimwambia asubiri mvua ikatike. Hakusubiri. Wakaanguka kwenye kona yenye utelezi. Yeye aliinuka, mama hakuinuka. Siku ya maziko Naetwe alimwambia mbele ya ndugu wote, "Jina lako halitatoka tena kinywani mwangu." Kijana akaondoka na begi moja. Neno likabaki.

Asubuhi Naetwe alivaa sweta, akatia simu mfukoni, akapanda kwenda shuleni.

Ilikuwa shule ya msingi ya kanisa, juu kabisa milimani Upare, mahali ambapo ukungu huingia darasani kabla ya wanafunzi. Naetwe alifundisha darasa la tatu, na kipindi cha kwanza kila siku kilikuwa cha dini.

Mwanzoni mwa mwaka watoto wake walikuwa na sala moja tu. Walifumba macho, wakawaombea "watu wote duniani" kwa pumzi moja, wakasema amina, wakafungua madaftari. Sala ilikwisha kabla vumbi la chaki halijatua. Naetwe hakuipenda sala hiyo. Siku moja akaja na kopo tupu la maziwa ya unga, akaliweka mezani.

"Kuwaombea watu wote ni rahisi," aliwaambia. "Watu wote hawana sura. Kuanzia leo tutamwombea mtu mmoja, mwenye jina. Kila Jumatatu mtapata karatasi, mtaandika jina la mtu anayewakaa moyoni, mtakunja, mtatumbukiza humu. Kila asubuhi mmoja wenu atachomoa. Anayechomoa ndiye anayelisoma jina kwa sauti. Sisi sote tutalitaja pamoja, tutanyamaza kidogo, kisha tutaomba."

Akawatazama mstari hadi mstari. "Na katika darasa hili kila mtu ataandika. Kila mtu. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Mwalimu!"

Kopo likawateka watoto. Hata wachelewaji wakaanza kuwahi, wasikose kusikia jina la nani litatoka. Waliombewa mabibi wenye miguu mibaya, mjomba aliyekwenda machimboni, mtoto mchanga wa jirani. Siku moja Yoeli alichomoa karatasi, akaisoma, akakwama.

"Mwalimu, hapa pameandikwa Sabuni."

Darasa likaangua kicheko.

"Sabuni ni nani?" aliuliza Naetwe.

"Ni mbuzi wetu," akasema Eliapenda, uso umeiva kwa aibu. "Hali majani tangu Jumamosi."

"Haya, tusimameni. Tumwombee Sabuni."

"Mwalimu," akauliza Yoeli, "Mungu anawajua mbuzi kwa majina?"

"Amewaumba, atashindwaje kuwajua?"

Wakasimama, watoto thelathini na mmoja, wakasema "Sabuni" kwa pamoja, na hakuna aliyecheka tena.

Basi, katikati ya muhula, likatokea jambo. Msichana mmoja alichomoa karatasi, akaikunjua, akaigeuza huku na huku.

"Haina kitu, Mwalimu."

"Iweke pembeni. Chomoa nyingine."

Naetwe alidhani kuna mtoto amesahau kuandika. Lakini wiki iliyofuata karatasi tupu ikatoka tena, na wiki ya tatu tena. Hapo akaanza kujiuliza. Jumatatu, watoto walipokwenda mapumziko, alilimwaga kopo mezani, akaongeza na ile iliyochomolewa asubuhi, akahesabu. Karatasi zilikuwa thelathini na mbili.

Akahesabu upya. Thelathini na mbili.

Jambo hilo lilimsumbua. Karatasi alizikata yeye mwenyewe kwa mkasi, kutoka daftari la hesabu lenye miraba, thelathini na moja bila kuzidi. Hii moja ilikuwa ya mistari, imechanwa kwa mkono, na ukingo wake umelainishwa kwa kidole mpaka ukanyooka. Mtu aliyeichana hakuwa na haraka. Alikuwa ameitunza.

Ni nani huyu? Mtoto asiyejua kuandika angetumia karatasi aliyopewa. Mtoto anayefanya mzaha angeandika jina la paka, au la mwalimu mkuu. Ni nani anaichana karatasi yake, anailainisha, anaikunja, halafu haandiki kitu? Naetwe alilibeba swali hilo hadi nyumbani, akalipika pamoja na ndizi zake, akalala nalo. Akawachunguza watoto walipokuwa wakitumbukiza karatasi zao, mmoja mmoja, lakini vidole vya watoto wa darasa la tatu ni vyepesi kuliko macho ya mwalimu.

Asubuhi hiyo, baada ya simu ya usiku, hakuwa na subira. Aliingia darasani, akafunika kopo kwa kiganja.

"Leo nachomoa mimi."

Mnong'ono ukapita kwenye madawati. Mwalimu hakuwahi kuchomoa. Naetwe akaingiza mkono, akapekua mpaka akaona mistari, akaitoa ile karatasi iliyochanwa. Akaikunjua, akaiinua juu. Nyeupe pande zote.

"Nani anaweka hii?"

Akaipitisha mbele ya madawati.

"Kopo hili ni la sala, si la michezo. Kama aliyeiweka hasemi, leo ndiyo mwisho wake. Linarudi jikoni kwangu kuwekea chumvi."

Eliapenda akashika mdomo. Yoeli akageuka kutazama nyuma, kama askari anayemtafuta mwizi. Kwenye dawati la dirishani mkono ukainuka. Ulikuwa wa Nakijwa, msichana mwenye maneno mengi kuliko wote, ambaye leo sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ni mimi, Mwalimu. Naomba usilichukue kopo."

"Nakijwa! Wewe? Kwani karatasi yako ninayokupa haitoshi?"

"Inanitosha. Yangu naandika. Ile nyingine ni yako."

"Yangu?"

"Ulisema kila mtu ataandika." Nakijwa alisimama, akajishika vidole. "Ukigawa karatasi unaanza mbele, unafika nyuma, zinaisha. Yako haibaki. Kila Jumatatu naangalia, haibaki. Nikaona mwalimu wetu anatugawia sisi tu, mwenyewe anakosa. Ndiyo nikawa nakuwekea."

Naetwe akaishusha karatasi.

"Sasa mbona huandiki kitu?" aliuliza Yoeli.

"Wewe nawe! Mimi nitajuaje mtu anayemkaa Mwalimu moyoni? Jina ni lake, ataandika mwenyewe." Kisha akamgeukia Naetwe. "Lakini kila ikitoka unasema iwekwe pembeni. Nikajua bado hujawa tayari. Nikaendelea kuweka."

Ukungu ulikuwa umefika kwenye ubao. Naetwe aliitazama karatasi mkononi mwake. Wiki baada ya wiki alikuwa amewafundisha watoto hawa kwamba Mungu hamchoki mtu yeyote, hata mbuzi. Na wiki baada ya wiki alikuwa ameiacha sala yake mwenyewe itolewe kwenye kopo, iwekwe pembeni.

Alitaka kusema asante, sasa tuendelee. Alitaka kuandika jina la mama yake, ambalo lingekuwa rahisi. Aliunyoosha mkono kuirudisha ile karatasi ndani.

"Mwalimu," akasema Eliapenda taratibu, "umeshachomoa."

"Ndiyo," akadakia Yoeli. "Anayechomoa ndiye anayesoma. Sheria ni yako, Mwalimu."

"Haijaandikwa kitu, Yoeli. Nitasoma nini?"

"Lakini unalo," akasema Nakijwa. "Jina. Si unalo?"

Naetwe alitia mkono mfukoni, akaigusa simu. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akaiona ile kona yenye utelezi, akaiona tena, lakini safari hii hakumwona kijana mkaidi aliyekataa kusubiri. Alimwona mtoto wa miaka kumi na tisa aliyesikia mama yake akilia, akashindwa kukaa. Akamwona akipiga simu mara moja kila mwaka, akikata kabla hajakataliwa.

"Ninalo," alisema.

Watoto hawakungoja waambiwe. Dawati moja lilikwaruza sakafu, likafuata la pili, na darasa zima likasimama, mikono imekunjwa, macho kwa mwalimu wao, kama walivyosimama kwa ajili ya mabibi na mjomba na Sabuni. Walikuwa wanasubiri jina ili walitaje pamoja naye. Hawakuwa na haraka. Hapo mbele walikuwa na siku nzima.

Naetwe aliweka ile karatasi mezani, akachukua kalamu. Wino uliacha doa, akaandika. Kisha akainua karatasi kwa mikono miwili, kama walivyofanya wao, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita midomo yake ikalipa njia jina lile.

"Mbonea," akasoma. "Ni mdogo wangu."

Funzo: Anayewaombea watu wote isipokuwa mmoja, sala yake inamsubiri kwa huyo mmoja. Kabla hujamtumia mwenzako hadithi hii, litaje kwanza lile jina unaloliweka pembeni.